Mume wangu alipima hana, leo CD4 yake ni 84. Kuna UKIMWI wa miaka mitatu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Muheza. Mume wangu ana miaka 48, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo, ambaye sasa ana miaka mitatu, tulikwenda kliniki wote wawili kama wanavyotaka siku hizi, baba naye apimwe. Tulipimwa chumba kimoja na majibu tukapewa pamoja: wote hatuna. Kipimo chake nilikiona kwa macho yangu, mstari mmoja.

Mtoto akiwa na miezi kama minne, mume wangu akapata kazi Kahama. Alikaa huko karibu nusu mwaka, hela anatuma vizuri tu. Akarudi, maisha yakaendelea. Mwaka jana mwishoni akaanza kupungua. Kikohozi, jasho la usiku mpaka shuka linaloa, suruali zinamwanguka kiunoni. Tukahangaika na dawa za dukani. Tulipofika hospitali wakasema ni TB, wakampima na VVU, wakamkuta anavyo. CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zimebaki 84. Mimi nilipimwa siku hiyohiyo, nikarudia baada ya mwezi: sina.

Nilipombana akakiri kwamba Kahama alikuwa na mwanamke. Anaapa ni huyo mmoja tu. Ndipo vita vikaanza. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu neno lake halipingwi, anasema huyu mwanamume ni mwongo mara mbili. Eti UKIMWI unachukua miaka kumi mpaka mtu aishe vile, kwa hiyo alikuwa nao tangu kabla hajanioa, na kule kliniki alimhonga nesi. Ameyaandika hayo kwenye group la WhatsApp la familia, Shangazi, na shemeji zangu wawili wamo mle.

Halafu mdogo wangu wa kiume akanitumia habari kwamba kuna kirusi kipya kimetoka Cuba, pengine wanasema Uholanzi, kinammaliza mtu ndani ya miaka mitatu na dawa hazikiwezi. Sasa kama dada ndiye mkweli, nimeishi na mwongo miaka tisa. Kama mdogo wangu ndiye mkweli, basi mume wangu anameza dawa za bure, na mimi na wanangu tumelala nyumba moja na kirusi kibaya kuliko cha watu wengine.

Nalala chumba cha watoto. Chakula nampikia. Niondoke au nibaki?

Mama wa wawili, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Pole na kuuguza, na pole zaidi na hilo group.

Hesabu ya dada yako niliisikia sana nilipokuwa nesi wa CTC, kliniki ya matibabu ya wenye VVU, na imevunja nyumba ambazo zilikuwa na sababu nyingine nzuri tu za kuvunjika. Miaka kumi si muda ambao kila mwenye VVU amepangiwa. Kule Masaka, Uganda, watafiti waliwafuatilia wanakijiji tangu walipoambukizwa, enzi ambazo dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini, wakakuta nusu yao wameshafikia UKIMWI ilipotimia miaka tisa na ushei. Nusu nyingine walichukua muda mrefu zaidi. Sasa wafikirie wale wa nusu ya kwanza. Wamo waliofika hapo kwa miaka saba, wamo wa mitano, na wapo wachache wa miwili au mitatu. Watu wa namna hiyo tulikuwa tunawaona kabla ya habari za Cuba hazijaandikwa popote.

Kuna na umri, ambao watu huusahau. Mwaka 2000 zilichapishwa takwimu za maelfu ya watu wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia, za wakati dawa kali bado hazijapatikana. Walioambukizwa wakiwa na miaka 15 hadi 24, nusu yao waliishi miaka 12 na nusu au zaidi. Kwa walioambukizwa wakiwa na miaka 45 hadi 54, muda huo ulikuwa chini kidogo ya miaka minane. Mumeo alikwenda Kahama akiwa na miaka 45 hivi. Dada yako amempigia hesabu za kijana wa miaka ishirini.

Na hiyo 84 nayo isikutishe kupita kiasi. Imepimwa wakati mtu ana kifua kikuu kinachowaka, na TB peke yake inashusha CD4 hata kwa asiye na VVU. Sehemu ya upungufu huo itarudi TB ikitibiwa. Kwa hiyo CD4 inamwambia daktari mgonjwa yuko katika hali gani leo, anahitaji kukingwa na nini, aharakishwe kiasi gani. Tarehe ya kuambukizwa haimo humo. Hakuna mtaalamu, awe wa Muheza au wa Muhimbili, anayeweza kuitazama 84 akakwambia "huyu aliambukizwa mwaka fulani".

Kipimo cha kliniki ndicho ushahidi mzuri ulio nao, na uliusoma mwenyewe. Mtu aliyeishi na VVU miaka sita, saba, kipimo cha kidole humkamata. Habari ya nesi kuhongwa abadilishe kipimo kinachosomwa mbele yako mimi inanishinda kuimeza. Kitu ambacho kipimo kile hakikuweza kukiona ni maambukizi ya wiki chache kabla yake, kwa kuwa mwili huchukua muda kutengeneza kingamwili ambazo kipimo huzitafuta, ndiyo maana tunamwambia mtu arudi baada ya miezi mitatu. Basi siku ile mumeo ama alikuwa hana, ama alikuwa ndiyo kwanza ameambukizwa. Maneno ya "tangu kabla hajanioa" yaondoe mezani.

Mdogo wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila habari imemfikia ikiwa imekorogwa.

Virusi vya UKIMWI si vya namna moja. Kwetu Afrika Mashariki vinavyotawala ni aina A, C na D, na michanganyiko yake, maana mtu akibeba aina mbili mwilini, virusi hubadilishana vipande kikazaliwa kirusi cha tatu. Katika hizo, D ndiyo yenye mbio. Wilaya ya Rakai, Uganda, kabla ya dawa, nusu ya wenye aina A walifikia UKIMWI kwa miaka 8, wenye D kwa miaka 6 na nusu, na wenye mchanganyiko kwa miaka 5 na nusu hivi. Mombasa, wanawake waliofuatiliwa tangu walipoambukizwa nao walionyesha hivyohivyo: wenye D walizidiwa na kufa mapema kuliko wenye A. Dar es Salaam, kina mama waliopimwa wakiwa wajawazito miaka ya 1990, ikawa hivyo tena. Anayetafuta kirusi chenye mbio hana haja ya kupanda ndege kwenda Havana. Kiko hapahapa siku nyingi, ila hakikuwahi kupata vichwa vya habari.

Cha Cuba kilitangazwa mwaka 2015. Madaktari wa huko walikuwa wanaona wagonjwa wengi mno wanaofikia UKIMWI ndani ya miaka mitatu, wakashirikiana na chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wakakuta kirusi kinachoitwa CRF19, mchanganyiko wa aina A, D na G. Mbio zake zinaelezwa hivi: kirusi kikitaka kuingia kwenye chembe ya CD4 hupitia mmoja wa milango miwili, CCR5 au CXCR4. Vingi huanza na wa kwanza, na huchukua miaka mingi kabla ya kuujua wa pili, vingine havifiki huko kabisa. Mlango wa pili ukishafunguliwa, CD4 huporomoka. CRF19 kilionyesha dalili za kuuwahi mlango huo mapema, na aina D nayo inajulikana kwa tabia hiyo.

Cha Uholanzi kilitangazwa Februari 2022 na watafiti walioongozwa na Oxford. Walikipa jina VB, wakakikuta kwa watu 109. Kabla ya kuanza dawa, watu hao walikuwa na virusi kwenye damu mara tatu na nusu hadi mara tano na nusu ya wenzao, na CD4 zao zilishuka kwa kasi mara mbili. Bila dawa, mtu wa miaka thelathini na kitu angeshuka chini ya 350 miezi tisa tu baada ya kugunduliwa, wakati mwenzake mwenye kirusi cha kawaida angechukua miaka mitatu. Ni mbio hasa. Lakini "kipya" si neno lake: uchambuzi ulionyesha kilianza kusambaa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2010 hivi kilikuwa kinapungua, inavyoelekea kwa sababu Waholanzi wengi hupimwa na kuanzishiwa dawa mapema.

Na hapa ndipo aliyeandika ule ujumbe alipokosa adabu. Wale watu wa VB walipoanza dawa, CD4 zao zilipanda kama za wengine, na uhai wao ukawa kama wa wengine. Kirusi kuwa na mbio ni jambo moja, kuwa sugu kwa dawa ni jambo jingine. Usugu huja hasa pale mtu anapomeza leo akaacha kesho, au anapoambukizwa na mtu ambaye dawa zake zimeshaharibika. Hata CTC hawatampima mumeo ana aina gani, wala usiwadai, kwa sababu jibu halitabadilisha kidonge. Awe na A, awe na D, awe na mseto wa kila kitu, atapewa kilekile: tenofovir, lamivudine na dolutegravir kwa pamoja.

Kwa kuwa anatumia dawa za TB zenye rifampisini, atapewa dolutegravir nyingine ya peke yake, ameze saa kumi na mbili baada ya kile kidonge cha kwanza. Rifampisini hulifanya ini liiondoe dolutegravir mwilini haraka, ndiyo maana huongezwa. Nimeona ndugu wakimzuia mgonjwa asimeze cha pili wakidhani nesi amekosea. Musimzuie. Atapewa na Septrin, na kwa CD4 chini ya 200 wanatakiwa kumpima damu kuangalia fangasi wanaoshambulia ubongo. Muulize daktari kama kipimo hicho kimefanyika. Halafu kuna jambo la wiki za mwanzo: kinga ikiamka inaweza kuikuta TB bado ipo, homa ikapanda upya au tezi zikavimba shingoni. Watu huacha dawa hapo wakisema zimemzidishia. Arudishwe hospitali, dawa asiache. Kichwa kikimuuma sana, haraka zaidi.

Baada ya miezi sita watampima wingi wa virusi. Hicho ndicho kipimo cha kukisubiri. Wengi wanaotumia dolutegravir vizuri huwa wameshafubaza kabla ya hapo.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonishtua kwenye barua yako. Una mtoto wa miaka mitatu, na ndani ya nyumba kuna mtu aliyekohoa TB kwa miezi. Kwa wiki hii, hiyo ndiyo hatari ya haraka kwa wanao, kirusi kinafuata mbali nyuma. VVU havipiti kwenye sahani wala kikombe wala shuka. TB inapita hewani. Wapeleke watoto wote wawili, nawe, mkachunguzwe. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeishi na mgonjwa wa TB, akionekana hana ugonjwa, hupewa dawa ya kukinga. Madirisha yafunguliwe. Kama tayari mmeshakwenda, nisamehe kelele zangu.

Wewe mwenyewe hesabu miezi mitatu tangu mara ya mwisho mlipolala pamoja, kisha urudie kipimo. Majibu yakiwa yaleyale, basi huna. Ikitokea mmerudiana kitandani kabla hajafubaza, kondomu, na uombe CTC dawa kinga, ile PrEP. Akishafubaza hatakuambukiza. Nchi kumi na nne za Ulaya zilifuatilia jozi 888 za wenza, mmoja anavyo na amefubaza, mwenzake hana, hawatumii kondomu. Majibu yakatoka mwaka 2016, na hapakuwa na hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Mbio za kirusi hazibadilishi hilo, kwa kuwa kirusi ambacho hakipo kwenye damu hakina pa kukimbilia.

Niondoke au nibaki, umeuliza. Hospitali haina jibu hapo, ila naweza kukutenganishia kesi mbili ambazo dada yako amezifunga kamba moja. Ya kwanza ni kwamba mumeo alikuficha ugonjwa miaka tisa. Hiyo haina ushahidi, na ushahidi ulio nao unaipinga. Ya pili ni Kahama. Hiyo amekiri mwenyewe, na ni yako kuihukumu utakavyo. Ukiondoka, ondoka kwa ajili ya Kahama, usiondoke kwa ajili ya CD4. Na swali kama alikuwa mmoja au walikuwa watatu, hakuna maabara italijibu. Muulize tena, mkiwa na mshauri nasaha wa pale CTC, mtu ambaye si wa kwenu wala si wa kwao.

Sitakwambia ubaki umuuguze kwa sababu eti mke wa mtu ana wajibu. Wanawake wameuguza mno kwa maneno hayo. Lakini anahitaji mtu wa kumsimamia dawa za TB kwa miezi sita, na huyo anaweza kuwa kaka yake. Wale shemeji waliomo kwenye group, sasa si wameshajua? Wape kazi. Wewe ukae chumba cha watoto mpaka akili itulie. Maamuzi ya ndoa yanayofanywa mgonjwa akiwa na kilo arobaini na tano huwa yanatazamwa kwa jicho jingine akirudi kwenye sitini, kwa heri au kwa shari.

Dada yako mwambie afute. Najua alikasirika kwa uchungu wako. Lakini hali ya afya ya mtu ni siri yake, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda, na zaidi ya sheria, watoto wako watakua wakiwa na wajomba na mabinamu waliosoma yale maneno.

Limebaki moja, na najua hutalipenda. Yule mwanamke wa Kahama. Awe ndiye aliyemwambukiza mumeo au mumeo ndiye aliyemwambukiza yeye, huenda anabeba kirusi kilekile kilichomfikisha mumeo kwenye 84 ndani ya miaka miwili na nusu, na pengine hajapima, anajiona mzima, naye ameambiwa na dada zake kwamba ugonjwa huu unachukua miaka kumi. CTC wana utaratibu wa kuwatafuta wenza bila kutaja ni nani aliyewataja. Mumeo ampe mshauri namba ya simu ya yule mama. Wewe jina lake huna haja ya kulijua.

Shangazi